UZI: Nimepiga mbizi kule mikondo ya baridi na ya joto inakokutana. Watu wa Jinja, Busia na Kalangala, njooni tuongee

#1 Mzamiaji wa Vizimba (Jinja)

Ndugu zangu, salaam.

Wengi humu mnaijua kazi yangu. Nakagua nyavu za vizimba vya samaki hapa Ghuba ya Napoleon. Asubuhi naingia na mtungi mgongoni, natafuta matundu, nashona, nawaokota samaki waliokufa chini ya wavu, natoka. Mwaka wa sita huu. Maji yetu ni vuguvugu na ya kijani. Ukinyoosha mkono mbele, vidole unaviona kwa taabu. Nikadhani maji ni maji, kwamba ya baharini yanazidi haya kwa chumvi tu.

Mwaka jana dada yangu anayefanya kazi Cape Town aliniita nikakaa naye wiki tano. Nilizama mara kumi na moja. Nayaandika haya kwa kuwa yamebadilisha namna ninavyoingia ziwani kila asubuhi, na naona yanawahusu wavuvi, wachuuzi wa samaki, askari wa boti, na hasa wale vijana wanaoshushwa chini kwa mpira wa kompresa.

Nianze na ramani. Pwani ya mashariki ya Afrika Kusini inapitiwa na mkondo wa Agulhas. Ni maji ya joto, yametoka huku juu upande wa ikweta, yakapita Msumbiji na Madagaska. Ni miongoni mwa mikondo yenye nguvu zaidi duniani: penye kasi unafika karibu mita 2 kwa sekunde, na unabeba kama mita za ujazo milioni 70 kila sekunde. Sisi wa Jinja tunaujua Mto Nile unavyonguruma ukitoka ziwani. Hapo unapitisha takriban mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Basi fikiria Nile elfu sabini zikienda pamoja, na hakuna kingo.

Upande wa magharibi kuna mkondo wa Benguela, wa baridi, unaopanda kuelekea Namibia na Angola. Agulhas ukifika ncha ya bara hauendelei moja kwa moja. Unajipinda na kurudi Bahari ya Hindi. Kwenye mpindo huo hukatika mapande makubwa ya maji ya joto, yanazunguka kama maji kwenye beseni, mapana kilomita mia mbili na zaidi, yanajiendea zake Atlantiki.

Mimi nilizama katikati ya hayo yote, kwenye rasi ya Cape. Nikitoka kazini nitaendelea.

#2 Mwalimu wa Jiografia (Arua)

Asante ndugu. Darasani tunafundisha kwamba bahari mbili hukutana Rasi ya Tumaini Jema, na kila mwaka kuna mtoto anayeuliza kama mstari wa rangi mbili unaonekana. Wewe uliuona?

#3 Mzamiaji wa Vizimba (Jinja)

Mwalimu, heshima yako. Mstari sikuuona, maana haupo. Kwa sheria za ramani mpaka wa bahari hizo mbili si Rasi ya Tumaini Jema, ni Rasi ya Agulhas, kwenye longitudo ya nyuzi 20 mashariki, ambako ndiko ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Agulhas kwa Kireno ni sindano. Mabaharia Wareno waliona hapo sindano ya dira ikielekea kaskazini halisi, bila kupotoka.

Ila maji hayafuati longitudo. Mahali yanapokutana husogea kati ya rasi hizo mbili, leo huku, wiki ijayo kule. Unachoweza kufanya ni kuvuka mlima kwa gari nusu saa, uzame upande mmoja asubuhi na wa pili mchana, ukadhani umebadilisha nchi. Upande wa mashariki, kwenye ghuba ya False Bay, maji ya kiangazi huwa nyuzi 18 mpaka 20 na kitu. Upande wa Atlantiki, siku hiyo hiyo, saa yangu ya mkononi ilionyesha nyuzi 11.

#4 Mama wa Mbuta (Busia)

Mwanangu, nyuzi 11 ni baridi ya Kabale ya alfajiri au zaidi? Na wewe mtoto wa ziwa uliingiaje humo?

#5 Mzamiaji wa Vizimba (Jinja)

Mama, shikamoo. Kabale ya alfajiri unavaa sweta na kunywa chai, hewa inakusamehe. Maji hayasamehi. Yanapokonya joto la mwili mara ishirini na tano kuliko hewa ya baridi ile ile.

Nilivaa suti ya mpira ya milimita 7, kofia ya mpira, glavu na viatu. Tatizo la kwanza halikuwa baridi bali kuzama kwenyewe. Hapa vizimbani nafunga kiunoni uzani wa risasi wa kilo tatu na nateremka kama jiwe. Kule nilifunga tano, nikaelea juu kama kifuu cha nazi. Kumbe maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa kwa kama asilimia mbili na nusu: mtu na vifaa vyake wakifika kilo mia, hapo hapo unadaiwa kilo mbili na nusu zaidi, na suti nene nayo inakuinua. Niliishia kilo kumi na mbili.

Tatizo la pili lilikuwa pumzi. Uso ulipogusa maji, kifua kilijifunga, nikawa nahema haraka haraka bila kutaka. Mwenzangu, mzee mmoja mtaratibu wa Simon's Town, alinishika mkanda akaniambia nisishuke mpaka pumzi ikae. Tulielea pale kama dakika mbili tukitazamana. Ndipo tukashuka.

Sasa nisomeni polepole hapa, maana hiki ndicho nilichokifuata.

Tulishuka ndani ya msitu. Simaanishi mfano. Kuna mwani mkubwa unaoshika mwamba kwa mizizi kama makucha, shina lake ni bomba la kijani-kahawia lenye hewa ndani, linapanda mpaka juu ya maji. Mingine inapita mita kumi. Juu majani yametandazwa yakizuia jua, na mwanga unapenya kwa vipande vipande kama ule wa Msitu wa Mabira saa nne asubuhi. Mawimbi yakija, msitu wote unainama upande mmoja, na wewe pamoja nao, yakirudi, mnarudi. Nikajifunza kutoshindana. Unasubiri wimbi likupeleke.

Kwenye mwamba niliona viti vya pweza, yaani samaki-nyota, vya rangi ya chungwa na zambarau, vimebanana hadi jiwe lenyewe halionekani. Pweza mmoja alikuwa amejifunika kwa makombe, jicho tu nje. Kisha papa mdogo, urefu wa mkono wangu, mwenye madoa ya kahawia. Nilipomkaribia hakukimbia wala hakuuma. Alijikunja akawa duara, akaleta mkia mpaka usoni, akafunika macho yake. Wenyeji wanamwita papa mwenye haya. Nilikaa pale bila kusogea mpaka akafunua jicho moja, akanitazama, akajikunjua, akaondoka taratibu chini ya jani.

Na kwenye shina moja la mwani palining'inia kifuko kama ngozi nyembamba, ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa kwa nyuzi zilizojiviringisha shinani. Mzee alikimulika kwa tochi kutoka nyuma. Ndani kulikuwa na kitoto cha papa kinacheza, mkia unapiga huku na huku, pembeni yake kiini cha manjano. Niliisahau baridi yote.

#6 Afande Mstaafu (Bombo)

Mimi nimeendesha boti ziwani miaka mingi. Swali langu ni moja. Maji ya joto ndiyo yanayostawisha vitu, hata shambani. Inakuwaje msitu kama huo na samaki wengi wawe kwenye baridi?

#7 Mzamiaji wa Vizimba (Jinja)

Afande, ndilo swali nililomuuliza yule mzee tukikausha nguo.

Chakula cha bahari kinazama. Kila kinachokufa juu, kuanzia vijimea vya kijani visivyoonekana kwa macho hadi samaki, huteremka gizani na kuoza, na mbolea yote inabaki chini. Maji ya joto yanakaa juu kama mafuta juu ya supu, hayaruhusu ya chini kupanda. Ndiyo maana bahari za joto nyingi ni safi za buluu: zinapendeza machoni, lakini hazina rutuba.

Upande wa Benguela kinachovunja kifuniko hicho ni upepo. Kiangazi chao, kuanzia Novemba hivi mpaka Februari na Machi, huvuma upepo mkali kutoka kusini-mashariki, sambamba na pwani. Kwa sababu ya kuzunguka kwa dunia, huku kusini mwa ikweta maji ya juu husukumwa upande wa kushoto wa upepo, yaani kule yanakwenda nje baharini. Nafasi yao inajazwa na maji ya chini, baridi, yenye mbolea tele. Kwa hiyo upande wa Atlantiki bahari huwa baridi zaidi wakati ambapo nchi kavu watu wanatokwa jasho. Wazamiaji wa kule wanaufuata upepo: ukivuma siku mbili tatu kutoka kusini-mashariki, maji ya Atlantiki yanakuwa maangavu, unaona mita kumi na tano na zaidi, wote wanahamia huko. Majira ya baridi upepo unageuka kaskazini-magharibi, nao wanarudi False Bay.

Baada ya jua kuyapiga maji hayo mapya siku chache, yanageuka kijani. Vijimea vinaota, dagaa wanakula vijimea, na dagaa wanaliwa na pengwini, sili, ndege na nyangumi. Pengwini wenyewe niliwaona ufukweni Boulders, wamesimama kati ya nyumba za watu. Mwaka 1982 walianza kuzaliana hapo jozi mbili tu, wakawa koloni kubwa, lakini kwa Afrika nzima wanapungua vibaya. Mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliwekwa kwenye daraja la walio hatarini zaidi kutoweka. Dagaa wakihama au wakivuliwa kupita kiasi, pengwini hana pa kwenda. Nilimtazama mmoja akitoka majini na tumbo limebonyea, ikaniuma.

#8 Mtanga (Kampala)

Kaka, umenikumbusha nyumbani. Naomba niongeze la pwani yetu, maana watu wanadhani mikondo hukutana Cape peke yake.

Mkondo unaotoka Bahari ya Hindi ya kati unapiga bara karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, hapo unagawanyika. Tawi moja linateremka kusini na kuulisha huo Agulhas wako. La pili linapanda kwetu, linapita Mtwara, Zanzibar, Tanga, Mombasa. Kwa hiyo maji uliyoogelea wewe na ninayoyajua mimi ni ndugu wa tumbo moja.

Wakati wa kusi tawi letu linakwenda kwa nguvu mpaka Somalia, na huko Somalia maji ya baridi hupanda kutoka chini kama ulivyoeleza. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia unageuka na kuja kusini, unakutana na wetu mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, kisha yote mawili yanatoka kwenda bahari kuu. Wavuvi wa Lamu hawahitaji kufundishwa hilo.

#9 Mama wa Mbuta (Busia)

Mmetaja dagaa. Mimi kwa mukene, dagaa wetu wa ziwani, nimesomesha watoto wanne. Hao dagaa wa kule wanavuliwa kwa taa usiku kama wetu?

#10 Mzamiaji wa Vizimba (Jinja)

Mama, wanavua kwa meli za nyavu za kuzungusha. Ila kuna tukio la kila mwaka, Juni na Julai, ambalo ungelipenda. Dagaa wa baridi wa kusini hufuata ukanda mwembamba wa maji baridi unaojipenyeza kati ya pwani na mkondo wa joto, wakapanda mpaka pwani ya mashariki, KwaZulu-Natal. Kundi linakuwa kama kivuli cha wingu chini ya maji. Pomboo wanawakusanya, papa wanakuja, ndege wanajirusha kutoka angani kama mishale, na watu wanaingia na vikapu ufukweni. Mimi sikulifikia, nilikwenda Januari.

Linalonisikitisha ni kwamba watafiti waliopima vinasaba vyao walikuta wengi ni wa asili ya Atlantiki, wameumbwa kwa baridi. Ukanda ule unawaingiza mahali ambako baadaye maji yanawashinda kwa joto.

#11 Afande Mstaafu (Bombo)

Na papa wakubwa? Mbona umetaja wa haya tu?

#12 Mzamiaji wa Vizimba (Jinja)

False Bay ilijulikana kwa papa weupe wakubwa walioruka nje ya maji wakiwinda sili. Sasa ni nadra kuwaona. Mwaka 2015 nyangumi wauaji wawili, mapezi ya mgongo yamelala mmoja kushoto mmoja kulia, walianza kuonekana huko. Papa wenye matundu saba ya mashavu walikutwa wamekufa chini ya bahari, maini yametolewa. Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilitupwa ufukweni Gansbaai, nayo bila maini. Papa anaogopa kama kiumbe chochote. Walihama.

#13 Mama wa Mbuta (Busia)

Nimesoma yote na kuna kitu kimenikaa. Unasema maji ya chini yanapanda na mbolea. Mwisho wa 2020 na Januari 2021 mbuta (sangara) wakubwa walielea wamekufa Victoria mpaka Kyoga. Watu wakasema sumu. Nilikuwa na kilo mia mbili kwenye barafu, safi kabisa, hakuna aliyenunua. Nilizika samaki wale kwa mikono yangu. Serikali ilisema ni hewa kupungua majini. Ni kitu kimoja na hicho chako?

#14 Mzamiaji wa Vizimba (Jinja)

Mama, pole sana kwa hasara ile. Ndiyo, ni ndugu yake, na ndiyo sababu kubwa ya kuanzisha uzi huu.

Kaskazini ya Cape Town kuna ghuba inaitwa Elands Bay. Mbolea ikizidi, vijimea vinaota kupita kiasi, vinakufa, vinaoza, na kuoza kunakula oksijeni yote. Kamba koche, wale kamba wakubwa wa baharini, wanakimbia maji na kutoka ufukweni kwa miguu yao wenyewe, tani kwa tani, wanafia mchangani. Ilitokea 1997, ikatokea tena 2022. Maji yale yale yaliyowalisha ndiyo yaliyowafukuza.

Ziwa letu nalo lina matabaka. Miezi mingi ya mwaka maji ya joto yanakaa juu, na chini yanabaki maji yenye oksijeni kidogo sana. Tofauti inaweza kuwa nyuzi moja au mbili tu, nawe ukaidharau, lakini kwenye maji ya joto kama yetu tofauti ndogo hiyo inatosha kuyatenganisha. Kuanzia Mei, Juni mpaka Agosti, kusi inapuliza, ziwa linapoa na kuchanganyika lote. Dhoruba kubwa nje ya majira hayo inaweza kuyainua maji mabovu ghafla. Mbuta anahitaji oksijeni nyingi kuliko ngege (sato), ndiyo maana yeye ndiye anayeanza kuelea. Samaki wako wa kwenye barafu hawakuwa na kosa, Mama.

Nilikuwa nikiiona tabaka hiyo kila siku bila kuijua jina. Chini ya kizimba kimoja kirefu, nikifika mahali fulani, nahisi ubaridi kwenye miguu huku mabega yako vuguvugu, na hapo hapo samaki wote wamejibana juu. Miaka mitano sikujiuliza kwa nini.

Na kuna jingine linalohusu roho za watu. Mahali nilipofanya kazi kabla ya hapa walitushusha bila saa, bila kuandika kina, mmoja mmoja, mara nne tano kwa siku. Wakisema ziwa ni maji matamu, hakuna shida ya baharini. Jioni viwiko na mabega vinauma, tunapakana dawa ya misuli. Mzee wa Simon's Town alipouliza natoka wapi, swali lake la pili lilikuwa ziwa liko juu kiasi gani. Mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nikamwambia. Akaacha kikombe chake mezani. Kuzama popote panapopita mita 300 kunahesabiwa kuwa ni kuzama mlimani, na majedwali ya baharini, yale yanayopanga ukae chini muda gani, hayatoshi. Hewa ya juu ya ziwa ni nyepesi, kwa hiyo unapotoka, naitrojeni iliyoingia mwilini inapanuka zaidi. Mita 20 za hapa zihesabu kuwa zaidi ya 22 za baharini. Maumivu yale ya viwiko hayakuwa misuli, yalikuwa viputo vya naitrojeni.

#15 Kijana wa Kompresa (Kalangala)

Kaka, mimi ni mmoja wao. Tunatafuta injini na nyavu zilizozama huku visiwani. Kompresa ni ya kupigia rangi, mpira mdomoni, kamba kiunoni. Kizunguzungu ni kawaida. Kuna mwenzetu mguu wake mmoja haujarudi sawa mpaka leo. Fedha za mafunzo sina. Nifanye nini kesho asubuhi?

#16 Mzamiaji wa Vizimba (Jinja)

Mdogo wangu, ningependa kukuambia uache kabisa, maana kompresa ile haikutengenezwa kwa pumzi ya mtu. Inatoa mvuke wa mafuta. Najua pia una familia. Basi mpaka upate kazi nyingine au mafunzo, fanya haya.

Kizunguzungu si kawaida. Mara nyingi ni moshi wa injini unaorudi kwenye mdomo wa kompresa. Uhamishe mdomo huo uwe juu na upande upepo unakotoka, mbali na ekzosi. Mtu akisikia kichwa kuuma, kazi imekwisha siku hiyo.

Funga fundo kwenye kamba kila mita moja, uhesabu. Mwenye boti awe na saa na daftari. Usishuke peke yako bila mtu wa kushika kamba asiyefanya kitu kingine chochote. Kupanda iwe mwendo wa polepole kuliko viputo vyako vidogo, usishike pumzi kamwe, na ukifika fundo la tano kutoka juu usimame dakika tatu mpaka tano. Mara mbili kwa siku, si tano.

Na kwa wote mnaokwenda Mombasa au Diani kuzama likizo: msipande basi la Kampala usiku ule ule. Njia ya Nakuru na Eldoret inapita Timboroa, zaidi ya mita 2,500 juu. Mwili unaona kama umepanda ndege, kwa ile hewa nyepesi. Laleni pwani usiku mmoja kamili, siku ipite, ndipo msafiri.

Yule mwenzenu wa mguu, apelekwe hospitali, na mumwambie daktari kwa maneno haya: alikuwa anapiga mbizi akivuta hewa ya kompresa. Wengi hawataji, wanasema alianguka.

#17 Kijana wa Kompresa (Kalangala)

Nimerudi. Leo tumefunga mafundo ishirini kwa kamba ya nailoni nyekundu, na dada wa dukani ametukopesha saa. Mdomo wa kompresa tumeufunga kwenye mti wa bendera. Nimeshuka mara mbili. Fundo la kumi na nne nilihisi kama ulivyosema, miguu baridi, kifua vuguvugu. Sikupita hapo. Wakati wa kupanda nilisimama fundo la tano kutoka juu nikihesabu kwa mvuto wa kamba, mwenzangu akivuta kila dakika. Kichwa hakijauma. Mwenzetu wa mguu tunampeleka Masaka kwa feri ya asubuhi.

#18 Mama wa Mbuta (Busia)

Mwanangu, ukifika Masaka utuandikie hapa daktari amesema nini.